Mawe Manne Chini ya Basi

Mimi ni mwoga, na nimefika umri ambao sioni haya kulisema. Naogopa radi, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa simu ikiita asubuhi kabla sijanawa uso. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume aliponiambia kwamba amenunua basi dogo la abiria lililochoka, ameng'oa viti vyote na kuweka vitanda, jiko la gesi na televisheni, na kwamba tutampeleka Mama akalale humo ufukweni siku tatu, jambo la kwanza nililouliza ni viboko hutoka majini saa ngapi.

Alicheka sana. Yeye ni fundi magari, ana gereji ndogo Buzuruga, hapa Mwanza, na ndiye ndugu pekee niliye naye. Akasema Wazungu wanalala kwenye magari ya namna hiyo hadi Serengeti, simba wanazunguka nje, wao wako ndani wanakunywa kahawa na kuangalia mpira. Nikamjibu kwamba Wazungu wana bima.

Lakini haikuwa starehe iliyotupeleka. Mama yetu ni Mkerewe, kazaliwa si mbali na Nansio, na wakati huo ulikuwa umepita mwaka mzima na miezi kadhaa hajaliona ziwa kwa karibu. Kiharusi kilimwangusha nyumbani kwangu, kikamnyang'anya upande wa kulia na maneno yote. Alibaki na "ee" moja tu, akaitumia kwa kila kitu: chai, maumivu, hapana, asante. Daktari alisema maneno huweza kurudi, moja moja, bila kuyaharakisha. Kumpandisha meli hatukuthubutu. Zile ngazi zinanitisha hata mimi mwenye miguu yote miwili. Ndipo mdogo wangu akaja na wazo la basi. Kama Mama hawezi kuvuka hadi kisiwani kwao Ukerewe, alisema, basi alale mahali anapoweza kuiona siku isiyo na ukungu.

Televisheni ilikuwa sharti langu mimi. Tangu augue, Mama aliishi mbele ya televisheni, na zaidi ya yote alifuata tamthilia moja ya ng'ambo, ya saa kumi alasiri, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ndani yake kuna mama mkwe mbaya kuliko mama wakwe wote, na mtoto aliyebadilishwa hospitalini, na barua ambayo kila siku inakaribia kufunguliwa. Umeme ukikatika saa kumi, Mama anageukia ukutani na uji haunyweki. Mdogo wangu akafunga betri ya pili, inveta na king'amuzi, na dishi akalitengenezea kigoda chake cha chuma ili lisimame nje popote tutakapokuwa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuiogopa tamthilia hiyo, na sikuwa nimemwambia mtu. Siku Mama alipoanguka, nilikuwa sebuleni naiangalia. Sauti ilikuwa juu. Nilisikia kishindo kutoka uani, nikadhani ni humo humo kwenye televisheni, maana watu walikuwa wanagombana na vyombo vinavunjwa. Nikakaa hadi mwisho wa kipindi. Nilipotoka nilimkuta Mama amelala kando ya karo la kuoshea vyombo, macho yako wazi, ananitazama. Alikuwa hapo kwa dakika ngapi, sijui. Hajawahi kuniuliza, kwa sababu hakuwa na maneno ya kuulizia. Tangu siku hiyo nilikuwa siwezi kwenda hata chooni bila kuacha mlango wazi.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Tukapita Ilemela, tukafuata barabara ya Kayenze, kisha tukaiacha na kushuka kwa njia ya magari ya samaki hadi kwenye mwalo mmoja mdogo ambao wenyeji wake walikuwa wateja wa gereji. Palikuwa na mabanda machache ya mabati, mitumbwi imepandishwa nchi kavu, nyavu zimetandazwa chini na dagaa wameanikwa juu yake, na wanawake wameinama wanawageuza. Walitupokea vizuri, wakatuonyesha pa kuegesha, kwenye mteremko wa changarawe unaoshuka moja kwa moja majini. Mdogo wangu akaligeuza basi likaelekeza pua ziwani. Alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo tangu nyumbani: kitanda cha Mama kiko nyuma kabisa, televisheni inaning'inia mbele, mgongoni mwa kiti cha dereva, ili Mama akiinua macho kidogo juu ya televisheni aone kioo cha mbele, na nje ya kioo aone ziwa lote hadi Ukerewe.

Yeye aliona ziwa. Mimi niliona mteremko.

Hapo ndipo alipoteremsha mawe manne makubwa aliyoyachukua nyuma ya gereji. Wenyeji walimcheka, mtu wa Mwanza, mji uliojaa mawe, kusafiri na mawe, lakini pale mwaloni kulikuwa na mchanga na changarawe tu, na yeye alilijua hilo. Aliyapachika mbele ya tairi, mawili za mbele, mawili za nyuma, akayagonga kwa kisigino. Nilipomuuliza ya nini, akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imeisha, kwamba basi lile hendibreki yake haishiki. Gia na mawe ndivyo vinavyolizuia, alisema, na magari mengi ya Mwanza yanaegeshwa hivyo hivyo kwenye vilima na hakuna aliyekufa.

Siku ya kwanza halikutokea lolote, jambo ambalo kwa mwoga ni adhabu. Nilizikuta nyayo za kiboko kwenye matope, kubwa kuliko sahani ya ugali, nikamwonyesha mdogo wangu, akasema ni za juzi. Nikamuuliza amejuaje kwamba ni za juzi. Nilimfunga Mama chandarua, nikakagua chini ya kitanda, nikalala nimeshika kitasa cha mlango. Asubuhi Mama alikuwa ameamka kabla yetu, anatazama nje. Ukungu ulikuwa umeondoka, na mbali kule Ukerewe ilikuwa mstari mwembamba juu ya maji. Akasema "ee" kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, nikajua tumefanya vizuri kuja, na nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa na kitu cha kuharibu.

Jumamosi hiyo Mama aliangalia televisheni tangu asubuhi: mapishi, nyimbo za kwaya, mpira wa marudio, hata watu wanaojadili bei ya mbolea. Kufika saa tisa betri ilikuwa hoi. Mdogo wangu akasema dawa ni kuwasha injini iichaji, la sivyo saa kumi patakuwa na msiba. Akawasha, na ili injini iungurume bila gari kuondoka, akatoa gia. Halafu akaona dizeli haitatosha, akaita bodaboda, akapakata dumu kwenda kununua Kayenze.

"Dada, usiguse kitu," aliniambia. "Mawe yameshika. Nusu saa tu narudi."

Nikamwambia asichelewe. Akachelewa.

Muziki wa kufungulia tamthilia ulipoanza, mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza dagaa alisimama wima, mikono imejaa magamba. Nilikuwa nimeufungua mlango mkubwa wa nyuma ili Mama apate upepo. Akaja hadi mlangoni, akamwamkia Mama shikamoo, kisha akaniuliza kwa adabu kama hiyo ndiyo ile ya mama mkwe na barua. Nikamwambia ndiyo. Akageuka akawaita wenzake. Transfoma ya mwaloni ilikuwa imeungua, wiki ya pili hiyo, na wanawake wale hawakujua kama barua imefunguliwa au bado.

Walikuja kama ishirini. Mimi watu wengi wananitia hofu, na nilikuwa tayari kusema mgonjwa anahitaji kupumzika, nikamtazama Mama. Nyumbani alikuwa hataki mgeni. Mdomo uliopinda ulimtia aibu mbele za watu, akisikia hodi anavuta kanga hadi puani. Sasa mkono wake wa kushoto ulikuwa hewani unawaita, karibuni, karibuni. Wakakaa juu ya ndoo, madumu na beseni zilizofunikwa. Watatu wakapanda juu ya bampa la nyuma, wakashika fremu ya mlango. Wakasimuliana yaliyowapita, wakibishana, na Mama akatia "ee" yake kila panapostahili, nao wakamgeukia kana kwamba ameamua kesi.

Kisha akaja bibi mmoja mzee, anatembea na fimbo, magoti yamekwisha. Alimsalimu Mama kwa Kikerewe. Wakazungumza, ikiwa mtu anaweza kuzungumza kwa neno moja, na jicho la Mama la upande mzima likatoa machozi. Bibi yule akabaki amesimama, ameegemea fimbo. Mama akanitazama mimi, akapiga kitanda kwa kiganja mara mbili. Ishara hiyo niliijua tangu utotoni. Kwetu mtu mzima hasimami watoto wamekaa. Ukisahau, Mama anakufinya chini ya kwapa mgeni akiwa bado anacheka.

Viti vyetu viwili vya plastiki vilikuwa na wanawake wenye watoto wachanga. Ningeweza kumwomba mmoja wa wale wengine aondoke kwenye ndoo yake. Ningeweza, na hadi leo sijui kwa nini sikufanya hivyo. Niliona aibu kumnyanyua mgeni wangu mmoja ili nimkalishe mwingine, nadhani ndiyo sababu. Nikatazama huku na huku, mchanga mtupu, na macho yangu yakaangukia jiwe lililokuwa mbele ya tairi la nyuma, upande wa kushoto. Jiwe zuri, pana juu. Nikajiambia, yako manne, nikichukua moja yatabaki matatu, na mdogo wangu mwenyewe amesema yameshika.

Lilikuwa limebana. Ilinibidi nilisukume kwa mguu, nikalitikisa, nikalisukuma tena, ndipo likatoka. Mwoga wa kweli angejiuliza kwa nini jiwe limebana kiasi hicho. Nililiviringisha hadi nyuma, nikalitandikia kanga yangu, nikasema, "Shikamoo Bibi, karibu ukae." Akaitikia marahaba, akakaa, akanibariki. Mama alikuwa ananitazama muda wote, kwanza dirishani, kisha kupitia mlango ule wa nyuma; wengine macho yao yalikuwa kwenye televisheni.

Nililokuwa silijui ni hili. Upande wa kulia wa basi, ambao sikuuona, upepo ulikuwa umeanza kuzipeperusha nyavu za dagaa, na wanawake wawili walikuwa wameyachukua mawe yote mawili ya huko kuzigandamizia. Walikusudia kuyarudisha. Wenyewe walisema baadaye kwamba injini ilikuwa inanguruma, na gari linalonguruma lina dereva ndani, na dereva amekanyaga breki. Sioni walipokosea kuwaza. Jiwe langu lilikuwa la tatu, na lililobaki lilikuwa moja, chini ya tairi la mbele.

Upepo ule ule ukaligeuza dishi. Picha ikaganda mama mkwe akiwa ameishika barua, kidole kiko kwenye bahasha, na wanawake wote wakaguna. Nikaenda mbio kwenye dishi, hatua kama kumi na tano juu ya mteremko, nikalishika kwa mikono miwili, mgongo nimeligeuzia basi. Wakaanza kunielekeza, kila mtu na lake, sogeza, rudisha kidogo, hapo hapo, umepitiliza. Nilikuwa nimelowa jasho. Niliogopa Mama ataikosa barua, nikaogopa kumwacha peke yake na watu nisiowajua, nikaogopa mdogo wangu akute nimeharibu dishi. Hofu zangu zote zilikuwa hapo mkononi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Wakapiga kelele. Kelele kubwa, ya wanawake ishirini kwa pamoja. Nami nikatabasamu. Nikajua picha imerudi, barua imefunguliwa.

Kisha waya wa dishi ukaanza kupita kati ya vidole vyangu.

Ulipita taratibu kwanza, nikautazama bila kuelewa, kisha ukakaza, na dishi likanichomoka mikononi, likaanguka na kuanza kuburuzwa mchangani. Niligeuka. Wale watatu wa kwenye bampa walikuwa chini, mmoja kwa magoti, wengine wametawanyika, na basi lilikuwa linakwenda ziwani, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mlango wa nyuma uko wazi na Mama amekaa kitandani anatutazama jinsi tunavyobaki.

Sikumbuki viatu vilinitoka wapi. Nakumbuka nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nimedhani tena ni tamthilia. Niliufikia mlango wa ubavuni tairi za mbele zikiwa zimeingia majini, nikajirusha ndani, nikapita kwa magoti hadi kiti cha dereva, na hapo nikakwama. Mimi sijui kuendesha. Nimepanda magari ya mdogo wangu miaka yote na sijawahi hata mara moja kutazama miguu yake inafanya nini. Chini kulikuwa na vyuma vitatu vya kukanyaga. Nikakanyaga cha kulia. Injini ikanguruma kwa ghadhabu, gari zima likatetemeka, nami nikarudisha miguu yote miwili kitini na kupiga mayowe. Nilimwona Mama ndani ya maji. Nilimwona wazi kabisa, chandarua kimemzunguka, na mimi nimekaa juu ya kiti miguu juu, nimeshindwa kukanyaga kitu kwa kuogopa kukosea.

"Katikati."

Sikujua nani amesema. Sauti ilikuwa nzito, imeng'ang'ania mdomoni kama ya mtu aliyejaza chakula. Nikageuka. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mmoja, na alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama siku ile kando ya karo.

"Ya katikati," alisema.

Baba yetu, Mungu amrehemu, aliendesha lori la pamba miaka mingi, na Mama alikuwa akisafiri naye kabla hatujazaliwa. Yeye aliitazama miguu. Nikakanyaga ya katikati kwa miguu yangu yote miwili, kwa uzito wangu wote, na basi likasimama ghafla hadi televisheni ikayumba na kugonga ukuta. Maji yalikuwa yanalamba ngazi ya mlango. Mbele ya kioo hapakuwa na ufukwe tena, maji tu, na wanaume wa mwaloni waliniambia baadaye kwamba hatua chache mbele ya pale chini kunakatika na kuwa kina kirefu, ndiyo maana mitumbwi mikubwa hufunga hapo.

Waliokuwa wanashona nyavu wakaja mbio na kamba ya kuvutia mitumbwi. Wakaifunga nyuma ya basi, wakajipanga, na mmoja akaanza kuongoza ule wimbo wao wa kazi, anaita wanaitikia, na kwenye kila kiitikio wanavuta. Basi halikutikisika. Wakavuta tena. Wanaume zaidi ya kumi na tano, ambao kila siku wanapandisha mitumbwi iliyojaa, hawakulisogeza hata kwa shibiri moja. Mimi nilisikia wimbo unapanda na kushuka, nikazidi kukanyaga. Ndipo mmoja wao akaona taa za nyuma zinawaka nyekundu, akaacha kamba, akaja hadi dirishani maji yakiwa mapajani. Akaniambia kwa upole kwamba wao wanavuta na mimi nazuia.

Nilielewa. Nakuapia nilielewa kila neno, na miguu ikakataa. Mdogo wangu alifika wakati huo, dumu la dizeli bado liko mkononi, akaingia majini na suruali yake, akasimama mlangoni. "Dada, achia breki," alisema. "Wameshalishika. Achia." Nikatikisa kichwa. Ningeachia vipi kitu kilichokuwa kimemzuia Mama? Akaongea sana, akabembeleza, akakaripia kidogo, sikumsikiliza, hadi neno la pili likatoka nyuma yangu.

"Achia," Mama alisema.

Nikaachia. Wimbo ukaanza upya, na basi likapanda mteremko kinyumenyume hadi lilipokuwa.

Mdogo wangu alizima injini, akatia gia, akashuka kutafuta mawe yake. Alikuwa na hasira, na si kawaida yake. Aliuliza nani kayagusa. Wale wanawake wawili wakayaleta mawili mbio, wanalia, wanaomba radhi, wakaeleza habari za nyavu na injini. Aliwafokea, kisha akaona vibaya, akayapokea. La nne lilikuwa limezama mchangani pale tairi lilipolipanda. Akauliza la tatu liko wapi, na watu wote wakageuka kutazama nyuma.

Ufukwe ulikuwa mtupu upande ule. Ndoo zimepinduka, beseni zimetapakaa, na katikati yake bibi yule mzee bado amekaa juu ya jiwe lake, kanga yangu chini yake, fimbo magotini. Magoti yake hayakumruhusu kukimbia, basi alikaa akashuhudia yote. Mdogo wangu alimwendea. Nilimwona anavuta pumzi, anaitafuta namna ya kumgombeza mtu wa umri wa bibi yake, na hakuipata. Akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba. Kisha akainua macho, akanitazama mimi kwa muda mrefu, akaishika fimbo yake na kusema pole mwanangu, nisaidie niinuke.

Mdogo wangu akamsaidia, akalichukua jiwe, na habari ikaishia hapo. Nyumbani hadi leo inasimuliwa kwamba bibi mmoja wa Ukerewe alituchukulia jiwe akalikalia. Watu hucheka sana hapo. Mimi pia hucheka. Kanga sikuwahi kumwambia mtu ilifikaje pale.

Tulirudi Mwanza jioni ile ile. Daktari alifurahi, akasema mshtuko wakati mwingine hufungua mlango, akanipa mazoezi ya kumfanyia Mama kila siku, majina ya vyombo, siku za wiki, majina yetu. Nikayafanya kwa bidii, na kwa hofu ambayo sikuweza kumweleza daktari. Neno moja likirudi, nilishangilia. Likarudi chai, likarudi Jumapili, likarudi maji. Kila asubuhi nilijiuliza kama leo ndiyo siku ya jiwe, au siku ya karo. Nilikuwa namfundisha kusema kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nilikuwa naomba asifike mbali. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kuwa nalo moyoni, na ndiyo maana naandika haya. Mdogo wangu akisoma atajua, na nimeamua ajue.

Maana mwezi uliopita alikuja na basi. Ametia hendibreki mpya, akanionyesha mara tatu inavyoshika. Alimuuliza Mama kama tunarudi mwaloni, nami nikajibu kabla yake kwamba haiwezekani, kwamba mvua, kwamba presha, kwamba viboko. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu barazani, anasubiri saa kumi, televisheni inaonekana dirishani. Akasema, "Twende."

Mdogo wangu akafurahi, akaenda kuyapakia yale mawe manne, maana hendibreki ni hendibreki na mtu ni mtu. Alikuwa ameshalipakata la kwanza kulitia nyuma ya basi Mama alipoinua mkono wa kushoto. Akatafuta maneno. Tulisubiri, kwa sababu tumejifunza kusubiri. Midomo yake ilihangaika, na mimi nilisimama pale nikijua kabisa kwamba siku yenyewe ndiyo hii, sasa atasema, mbele ya mdogo wangu.

"Mawe," alisema, akanielekezea kidole mimi. "Mpe huyu. Akae nayo."

Mdogo wangu akacheka, akadhani ni utani, mwoga kupewa mawe ayalinde. Akanipa. Nikayapokea moja moja, nikayapanga kwenye ngazi ya baraza mbele ya miguu ya Mama, nikihesabu kwa sauti kama tunavyofanya kwenye mazoezi. Nilipofika la tatu sauti ilikatika. Mama hakunisaidia na hakugeuza macho. Alinisubiri hadi nikamaliza la nne, ndipo akageuka kuangalia tamthilia.